Mtoto mchanga harithi kesi ya mtu

Ndugu zangu vijana, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na kutusoma hapa, leo naandika juu ya watoto wachanga na dhambi. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya mapadri na wachungaji, sisi tujadili mgao wa chakula na karo. Subirini kidogo. Neno hili linagusa watu tunaoishi nao, na linamuumiza mtu asiyeweza hata kujibu.

Mimi ni mjitolea kambini, na nikija mjini nafikia hapa Nyabugogo. Ukishuka gare kutoka Mahama, Kigeme au Kiziba, hutamaliza siku mbili hujasikia mahubiri. Wapo wanaohubiri kando ya njia, wapo wanaokusanya watu kuomba nyumbani. Mengi ya mahubiri hayo yamewashika watu wetu wasianguke, siyakatai. Lakini kuna fundisho moja linarudiwa kila mara: eti mtoto anazaliwa tayari ni mwenye dhambi, na Mungu anamhesabia hatia kabla hajafungua macho.

Kitabuni hilo ni fundisho. Mtaani linageuka fimbo. Mama mmoja kijana alifiwa na mtoto wa siku nne. Mhubiri mmoja, simtaji wala kanisa lake, alikuja kumfariji akamwambia: "Mama, usilie sana, uombe tu. Ule mtoto amekufa na zambi ya Adamu, hatujue eko wapi." Hatujui yuko wapi! Mama amebeba mimba miezi tisa, amezaa, amezika, halafu anaambiwa mtoto wake labda yuko motoni kwa kosa la mtu aliyekula tunda zamani za zamani. Hiyo ni faraja gani?

Msimamo wangu nausema wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Mtoto mchanga anarithi jeraha la dunia hii. Hatia hairithi. Anayechanganya hayo mawili, hata akiwa na Biblia mkononi, anamsingizia mtoto, na anamsingizia Mungu pia.

Twende kwanza kwenye historia, maana wengi wanadhani fundisho hili limeanguka kutoka mbinguni likiwa limekamilika. Lina tarehe na lina watu. Na watu wenyewe ni Waafrika! Aliyelipa nguvu kuliko wote ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ndani ya nchi inayoitwa leo Aljeria, akawa askofu wa Hippo mpaka alipofariki mwaka 430. Alibishana na mtawa mmoja kutoka Uingereza, Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuchagua mema kwa nguvu zake na kwamba kosa la Adamu lilimdhuru Adamu mwenyewe. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo, wakamkataa Pelagius na kusema watoto wachanga wanabatizwa kweli kwa ondoleo la dhambi. Augustino akafika mbali zaidi: mtoto akifa bila ubatizo anahukumiwa, ingawa hukumu yake ni nyepesi kuliko zote.

Lakini miaka mia mbili hivi kabla ya mkutano huo, palepale Karthago, Mkristo mwingine Mwafrika, Tertullian, aliandika kitabu juu ya ubatizo. Humo alishauri watoto wasiharakishwe kubatizwa, akauliza umri usio na hatia una haraka gani ya kwenda kusamehewa dhambi. Mnaona? Mji ni uleule na imani ni ileile, na majibu ni mawili. Kwa hiyo mtu asinitishe kwamba kusema mtoto hana hatia ni mambo mapya ya vijana wa simu. Neno hilo lilisemwa Afrika kabla Augustino hajazaliwa.

Lilifikaje kwetu? Mwaka 1868 Askofu Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe mjini Algiers, katika nchi ileile ya Augustino. Mwaka 1900 mapadri wa shirika hilo wakafungua misheni ya Save, hapa Rwanda. Wakaja na katekisimu, na ndani ya katekisimu kulikuwa na dhambi ya asili. Baadaye wakaja Waprotestanti na Wapentekoste na maelezo yao. Babu zetu walilipokea fundisho pamoja na shule na dawa, na hakuna aliyewaambia kwamba lilikuwa limebishaniwa.

Sasa tuingie kwenye Maandiko, maana huko ndiko wanakokimbilia. Silaha yao ya kwanza ni Warumi 5:12. Paulo anasema dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na mauti ikaja kwa dhambi, ikawafikia wote. Augustino aliusoma mstari huo katika Kilatini, na Kilatini chake kilieleweka hivi: wote walitenda dhambi ndani ya mtu yule mmoja, Adamu. Paulo lakini aliandika Kigiriki, na wataalamu wengi wa Kigiriki wanaeleza kwamba pale anatoa sababu: mauti iliwafikia wote kwa kuwa wote wametenda dhambi. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union, usome mwenyewe. Utakuta "kwa sababu". Hutakuta "ndani yake". Makanisa ya Orthodoksi, ambayo hayajaacha kusoma Kigiriki tangu mwanzo, yanafundisha kwamba tunarithi kutoka kwa Adamu mauti na udhaifu, wala haturithi hatia yake. Na hao si wazushi, ni Wakristo wa zamani kabisa.

Na Paulo huyohuyo, katika Warumi 9:11, anapotaja Yakobo na Esau tumboni mwa mama yao, anasema walikuwa bado hawajatenda jema wala baya. Kwa nini mstari huo hauhubiriwi?

Silaha ya pili ni Zaburi ya 51, pale Daudi anaposema alizaliwa katika uovu. Jamani, tuangalie ni nani anayesema na lini. Ni mfalme mtu mzima aliyechukua mke wa mtu na kupanga kifo cha mume wake, na nabii Nathani amemwumbua. Anajipiga kifua, hapati neno la kutosha kuonyesha ubaya wake, anarudi mpaka tumboni. Ni toba ya mtu mzima. Kuchukua toba ya mzinzi na kumvika mtoto wa siku nne ni kazi ya ajabu. Na ukitaka kila neno la Zaburi liwe sheria, nenda 58:3, panaposema waovu wanasema uongo tangu wanapozaliwa. Nani hapa amesikia mtoto wa jana akisema uongo, au akisema neno lolote? Hayo ni mashairi ya watu wenye uchungu, na tuyasome hivyo.

Silaha ya tatu si Andiko, ni macho. Wanasema: mwangalie mtoto, anavyolia kwa hasira, anavyomnyang'anya mwenzake ziwa. Augustino naye aliandika kwamba aliona mtoto mchanga akimtazama kwa wivu mwenzake aliyekuwa ananyonya. Mimi naomba kwa heshima tumpeleke Augustino kwa mama mwenye mapacha kambini, mwezi ule mgao umepunguzwa na maziwa hayatoki vizuri. Atamwambia: baba askofu, hiyo ni njaa. Mtoto hana lugha nyingine ya kusema nina njaa zaidi ya kulia. Kumwita mwenye dhambi kwa sababu hiyo ni sawa na kumwita mgonjwa mkorofi kwa sababu anapiga kelele.

Sasa niwaonyeshe jambo moja ambalo hata wao hawawezi kulikwepa. Makanisa mengi ya kipentekoste hayabatizi watoto. Yanawaweka wakfu tu, yanawaombea, na ubatizo unasubiri mtu akue na aamini mwenyewe. Sawa. Lakini kama mtoto anazaliwa na hatia ya kumpeleka motoni, na humbatizi, na hawezi kuamini, basi watoto wote wanaokufa wamepotea. Nani kati yao anaamini hivyo kweli? Nimesimama kwenye makaburi ya watoto kambini zaidi ya mara moja. Mchungaji anayesema Jumapili kwamba mtoto ana dhambi ndiye anayesema kaburini kwamba malaika amerudi kwa Mungu. Mimi namwamini mchungaji wa kaburini. Pale mbele ya jeneza dogo anasema anachokijua moyoni.

Wakatoliki nao nawaheshimu, kwa sababu Kanisa lao limesogea. Katekisimu ya mwaka 1992 inasema dhambi ya asili, kwa mtoto wa Adamu yeyote, haina tabia ya kosa lake binafsi, na watoto waliokufa bila ubatizo wanakabidhiwa kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia iliyo chini ya Vatikani ilitoa waraka ikasema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Na tangu zamani, kila tarehe 28 Desemba, Kanisa hilo linaadhimisha watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Linawaita watakatifu. Hakuna aliyewabatiza wala kuwafundisha sala. Kama hao ni watakatifu, mama wa Nyabugogo aambiwe nini juu ya mtoto wake?

Ninaposema mtoto anarithi jeraha bila hatia, sisi wakimbizi tunapaswa kuelewa haraka kuliko watu wote, maana tunaliona kwenye karatasi. Kambi ya Kiziba ipo tangu 1996. Kuna watu wamezaliwa mle, wamesoma mle, wameoa mle. Siku mtoto anapozaliwa anaandikishwa kuwa mkimbizi. Yeye hajakimbia chochote! Hajavuka mpaka, hajasikia risasi. Amerithi ukimbizi kama ulivyo: hema, foleni, mgao, nchi ambayo hajawahi kuiona. Amerithi matokeo ya vita ambavyo hakuvianzisha. Je, kuna mfanyakazi wa HCR aliyewahi kuandika kwenye faili lake "mshitakiwa"? Akiandika hivyo wote tutaandamana. Tunajua tofauti kati ya kubeba matokeo na kubeba kosa. Basi ikiwa ofisi ya binadamu inaijua tofauti hiyo, Mungu ndiye asiijue?

Naye Mungu ameisema, tena amewasemea wakimbizi. Ezekieli aliandika akiwa uhamishoni Babeli, kati ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Vijana wa huko walikuwa na msemo kwamba baba wamekula zabibu mbichi na watoto ndio wanaopata ganzi ya meno, yaani tunateseka kwa kosa la wazee. Katika sura ya 18 Mungu anaupiga marufuku msemo huo. Mwana hatabeba uovu wa baba yake. Torati nayo ilikuwa imeshakataza, katika Kumbukumbu 24:16, mtoto asiuawe kwa kosa la mzazi. Na Yesu, alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, nani alikosa, huyu au wazazi wake, alijibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Wanafunzi walikuwa wanatafuta mshitakiwa, yeye akatafuta matope ya kumponya.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu tunaishi sehemu ya dunia ambayo imeona hatia ya kurithi inafanya nini. Gisozi si mbali na hapa. Kwenye jumba la kumbukumbu kuna chumba cha watoto waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Utaona picha, na chini ya picha maneno machache: alipenda kula nini, alikuwa na umri gani, aliuawaje. Wengine walikuwa wachanga. Walihukumiwa kwa kosa gani? Kwa kuzaliwa. Tarehe 22 Novemba 1992, kule Kabaya, Léon Mugesera alisimama mbele ya watu akasema kosa la 1959 lilikuwa kuwaacha waliokimbia watoke. Maana yake wauaji waliielewa: safari hii asibaki hata mtoto. Mtoto alionekana ni adui kwa sababu ya kabila la baba yake na kwa sababu ya atakachokuja kuwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi fundisho la dhambi ya asili ndilo lililoua watu 1994. Nasema kwamba watu wa nchi hizi, ambao wameona mtoto wa miezi miwili akihesabiwa kosa la damu yake, wanatakiwa kuwa wa mwisho duniani kusema Mungu naye anahesabu hivyo. Na sisi wa Masisi, Rutshuru na Minembwe, tuliokwisha kuitwa wageni tangu tumboni, tunakubalije kurudia maneno ya namna hiyo madhabahuni?

Na mambo hayajaisha. Baada ya 1994 kuna watoto waliozaliwa kwa ubakaji, na watu wakawaita watoto wa kumbukumbu mbaya. Kivu imeongeza wengine wengi. Kambini mtoto wa namna hiyo akiwa mkaidi kidogo tu, utasikia: damu ya baba yake hiyo. Kongo huko, watoto wanashitakiwa uchawi, wanafungiwa kwenye vyumba vya maombi, wananyimwa chakula, wanapigwa ili pepo litoke, halafu wanafukuzwa wakalale barabarani. Hali ilifika mahali Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, ikakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaweka adhabu ya kifungo. Fikirini jambo hilo! Serikali ililazimika kutunga sheria ya kumlinda mtoto na watu wanaosali.

Najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa mara nyingi: kama mtoto hana hatia, Kristo alikufa kwa ajili ya nini? Swali zuri. Sijasema mtoto hamhitaji Kristo. Mgonjwa anamhitaji daktari hata kama hakujitakia ugonjwa. Mtoto anazaliwa kwenye dunia iliyovunjika, na mwili wake una mauti ndani. Akikua, udhaifu huo utamvuta, naye atakosa, kama mimi na wewe tunavyokosa. Huko kwetu mtoto wa miaka kumi anaweza kuwekewa bunduki mkononi, kwa hiyo sijawahi kudhani kwamba watoto wanabaki malaika milele. Hapo ndipo Pelagius alipokosea, kudhani mtu anajiokoa kwa bidii yake. Lakini kumwokoa aliyejeruhiwa ni jambo moja, na kumhukumu aliyejeruhiwa ni jambo jingine. Wanaomleta Kristo kama hakimu wa watoto wachanga wasome Luka 18: watu walimletea watoto wachanga, wanafunzi wakawafukuza, na aliyekemewa siku hiyo hakuwa mtoto.

Basi tufanye nini? Vijana wenzangu, mkisikia neno hilo kwenye msiba, msinyamaze kwa sababu anayesema ana tai. Mwambieni kwa adabu: "Baba mchungaji, tafadhali, usimwambie mama hivyo." Mkitaka andiko, mmepewa hapa ya kutosha. Na tuache wenyewe kuita watoto kwa makosa ya baba zao, hata kwa utani.

Wachungaji wetu, nawaheshimu, wengine mmetulea. Hubirini dhambi, maana ipo. Ihubirini kwa wanaume wanaobaka, kwa wanaouza mgao wa yatima, kwa wanaochochea vita wakiwa wamekaa hotelini. Kazi ni nyingi kwa watu wazima, hamna haja ya kushuka mpaka kwenye beleko.

Na ninyi wa mashirika, mnaogopa kuingia mambo ya dini, naelewa. Lakini mama akiacha kula kwa kuwa ameambiwa mtoto wake amepotea, hilo limekuwa jambo la afya, na mtoto akifungwa kwa kuitwa mchawi, hilo ni jambo la ulinzi. Kaeni na viongozi wa dini mzungumze kabla msiba haujatokea. Angalieni pia mafaili yenu. Mkiandika mtoto "wa ubakaji" na karatasi hiyo ikasomwa na watu kumi, mmeandika kosa la mtu mwingine juu ya jina lake.

Mama yule niliyemtaja bado yupo. Kesho mwingine atazika. Akikuuliza mtoto wake yuko wapi, usimjibu habari za Adamu. Mwambie yuko kwa Mungu, na ukae naye.